Rufaa Hukatwa, Rufaa Hutolewa

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na kufungwa kwenye pindo la khanga, pamoja na noti ya elfu tano na kadi ya bima ya CHF. Mama mkubwa aliifungua juu ya mkeka, akainyoosha kwa kiganja, akanipa niisome. Mwenyewe asingeweza, maana macho yake ndiyo yaliyoandikwa humo. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho. La kulia liko njiani. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, lilisimama neno moja: RUFAA.

Tulikuwa Msangano, wilayani Momba, mkoani Songwe, wiki ambayo mpunga umeshakatwa na kila ua una rundo linalosubiri kupigwa. Baba mkubwa alikuwa kando, anashona midomo ya magunia. Aliposikia nalitamka lile neno akainua kichwa.

“Rufaa ya nini tena? Kwani huyu kashindwa kesi gani?”

Hakuwa anatania. Miaka kadhaa nyuma aligombana na jirani juu ya mpaka wa majaruba. Akashindwa kwenye Baraza la Kata, akakata rufaa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, akashinda. Tangu hapo neno rufaa analishika kama mtu anavyoshika jembe lake mwenyewe: anajua mpini uko wapi na makali yako wapi. “Rufaa ninayoijua mimi,” alisema, “unaikata mwenyewe, hupewi. Na anayeisikiliza si yuleyule aliyekunyima.”

Nililala nikiigeuzageuza kauli ile. Kazi yangu ni maneno, na kwa muda mrefu nimekuwa nikikusanya istilahi za jambo moja lisilo na jina zuri kwa Kiswahili: jinsi hospitali zinazofungamana na vyuo vikuu vya umma zinavyoongozwa, na nani anawaangalia wanaoziongoza. Nilikuwa na daftari zima. Baba mkubwa alikuwa na sentensi mbili, tena alikuwa amefika mbali kuliko mimi.

Tuanze na neno lake. Rufaa imetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuinua, kupandisha. Mahakamani kinachopandishwa ni shauri. Hospitalini kinachopandishwa ni mwili. Ngazi za mwili zinajulikana: zahanati ya kijiji, kituo cha afya, hospitali ya halmashauri, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa kule Vwawa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inayopokea wagonjwa wa Nyanda za Juu Kusini, na mwisho Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Ni ngazi zilezile za mahakama, kutoka ya mwanzo hadi iliyobeba neno hilo kwenye jina lake, Mahakama ya Rufani. Kwenye jina lake mahakama imejichagulia rufani, hospitali imebaki na rufaa. Ni ndugu wa tumbo moja.

Tofauti iko kwenye kitenzi. Mahakamani rufaa hukatwa. Kukata ni kitenzi cha mtu mwenye kisu mkononi: tunakata shauri, tunakata tiketi, tunakata mbuga. Hospitalini mgonjwa hupewa rufaa, huandikiwa rufaa, na asipokuwa nayo aweza kurudishwa getini. Neno moja wamegawana watu wawili: mmoja anatenda, mwingine anatendwa. Na ile nusu ya pili ya maelezo ya baba mkubwa, kwamba msikilizaji awe mtu mwingine, hospitalini imeyeyuka kabisa. Mgonjwa anapanda, lakini lalamiko lake halina ngazi ya kupandia.

Hili si neno pekee lililohamishwa kutoka mahakamani kwenda wodini na kupoteza mzigo njiani.

Mfawidhi ni jingine. Kila zahanati ina mganga mfawidhi, kama ambavyo kila kituo cha mahakama kina hakimu mfawidhi, na Mahakama Kuu ina majaji wafawidhi katika kanda zake. Kijijini watu hudhani maana yake ni bosi. Asili yake, nayo ya Kiarabu, ni kukabidhi madaraka, kumwachia mtu jambo alisimamie kwa niaba. Kwa hiyo mfawidhi ni aliyefawidhishwa. Ukilitamka neno hilo kwa uangalifu, swali linaning’inia mwishoni: kafawidhishwa na nani? Katika zahanati jibu liko karibu. Iko kamati ya usimamizi ya kituo, na humo wamo wanakijiji waliochaguliwa. Juu yake iko Bodi ya Afya ya Halmashauri. Mama mkubwa anamjua mjumbe mmoja wa kamati kwa jina, kwa ukoo na kwa madeni. Akitaka kulalamika kwamba dawa zimeisha, atamkuta kisimani.

Sasa tazama kinachotokea akianza kupanda. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Hospitali za rufaa za mikoa ziliondolewa huko mwaka 2017 zikapelekwa Wizara ya Afya. Na hospitali inayofundisha wanafunzi wa chuo kikuu inaleta mkono wa tatu, kwa kuwa chuo kiko chini ya wizara inayoshughulikia elimu. Jicho moja, mikono mitatu. Kila ngazi anayopanda mgonjwa, kiti cha yule jirani yake wa kisimani kinabaki nyuma, na badala ya kamati anakutana na maneno ambayo hajawahi kuyasikia: ndaki, rasi, amidi, seneti, baraza, wadhamini.

Haya maneno yanastahili kuketishwa kwenye mkeka, moja baada ya jingine.

Zamani vyuo vikuu vyetu vilikuwa na vitivo. Kitivo cha Tiba, Kitivo cha Sheria. Wengi walijifunza neno hilo chuoni bila kujua kwamba lilikuwa na maisha kabla ya chuo: kitivo ni ardhi yenye rutuba, hasa ile ya bondeni iliyoshiba maji na udongo ulioteremka kutoka milimani. Huko Lushoto liko bonde linaloitwa Kitivo, na watu wake wanalima kwa umwagiliaji. Mtu wa Msangano, anayelima mpunga penye udongo wa namna hiyohiyo, angelielewa neno hili kuliko profesa. Aliyelichagua liwe jina la sehemu ya chuo alikuwa na jicho la mkulima: mahali ambapo ukipanda kitu kinaota.

Siku hizi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki na shule kuu. Ndaki inaongozwa na rasi, shule kuu inaongozwa na amidi. Rasi tunaijua kwenye ramani, ni nchi iliyochomoza baharini. Kwa Kiarabu ni kichwa, na ndiyo iliyotuachia rasilimali, yaani kichwa cha mali, mtaji wenyewe. Kwa hiyo rasi wa ndaki ni kichwa chake. Ni istilahi safi na ina faida, kwa maana “mkuu wa chuo” lilikuwa limeelemewa na kazi nyingi. Lakini nilipomtajia baba mkubwa kwamba ndaki ya sayansi za afya ya UDSM iko Mbeya, na kwamba wanafunzi wake wanajifunzia udaktari katika wodi za Hospitali ya Rufaa ya Kanda, alibaki na kitu kimoja tu. “Kwa hiyo wodi ni ya nani?”

Ndaki ni ya chuo, wodi ni ya wizara. Kiswahili kimekuwa kikiutafutia mpangilio huu jina kwa zaidi ya miaka 50, na historia ya jina hilo ndiyo historia ya Muhimbili.

Hospitali yenyewe ilifunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, ikaja kuitwa Muhimbili baada ya uhuru. Mwaka 1963 ikaanzishwa shule ya udaktari Dar es Salaam, na mwaka 1968 shule hiyo ikawa kitivo cha chuo kikuu. Mwaka 1976 kitivo na hospitali viliunganishwa kuwa kitu kimoja, Muhimbili Medical Centre: kufundisha na kutibu chini ya paa moja na uongozi mmoja. Mwaka 1991 upande wa chuo ukapandishwa hadhi ukawa Chuo Kikuu Kishiriki cha UDSM. Mwaka 2000 Bunge likapitisha sheria iliyoivunja ile ndoa ya 1976 na kuacha taasisi mbili zinazojitegemea katika kiwanja kimoja: hospitali ya taifa upande huu, chuo kishiriki upande ule. Mwaka 2007 chuo kikawa chuo kikuu kamili, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambacho wengi wanakijua kwa kifupi cha Kiingereza, MUHAS.

Angalia maneno mawili yaliyopishana hapo: kishiriki na shirikishi. Yote ni watoto wa shiriki. Kishiriki ni kile kinachoshiriki kwenye kitu kikubwa kuliko chenyewe. Chuo kishiriki kina sehemu yake ndani ya chuo mama. Shirikishi ni kitu kinachowafanya wengine washiriki. Ndiyo maana tunasema mipango shirikishi, uongozi shirikishi, tukimaanisha kwamba wenye shida wameitwa wakae mezani. Kwenye jina la chuo, “sayansi shirikishi” inamaanisha zile taaluma zinazosindikizana na udaktari. Mtu asiyejua Kiingereza kilichojificha nyuma ya istilahi hii ataielewa kwa mantiki ya Kiswahili chenyewe: sayansi inayomshirikisha mgonjwa. Atakuwa amekosea, na kosa lake litakuwa zuri kuliko usahihi wetu.

Mloganzila ndiko istilahi ilikopimwa kwa saruji. Serikali ilijenga huko, kwa mkopo wa Korea Kusini, hospitali kubwa ya kufundishia iliyozinduliwa Novemba 2017. Ilianza ikiwa mali ya chuo: kwa mara ya kwanza tangu 2000, walimu wa MUHAS walikuwa na wodi zao wenyewe. Mwaka uliofuata, 2018, ikakabidhiwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, nayo sasa inaitwa Muhimbili Mloganzila. Vitanda ni vilevile. Kilichobadilika ni jina kwenye kibao, na pamoja na jina, njia ya saini: nani anaajiri muuguzi, nani ananunua dawa, nani anajibu mbele ya kamati ya Bunge.

Majirani zetu wanacheza ngoma hiyohiyo. Uganda, Makerere inafundisha Mulago, na Mulago ni ya wizara ya afya. Kenya, hospitali iliyojengwa kwa ajili ya Kenyatta University na kubeba jina la chuo hicho ilifanywa shirika la serikali linalojitegemea mwaka 2019, na mvutano juu ya nani mwenye nayo ukafuata. Marekani wako waliokata shauri upande mwingine: hospitali za University of California ni za chuo chenyewe, na bodi ileile inayokisimamia chuo ndiyo yenye neno la mwisho juu ya hospitali. Hakuna njia isiyo na gharama. Chuo kikimiliki hospitali, mtaala unaweza kuula mfuko wa dawa. Wizara ikimiliki hospitali, foleni inaweza kuula muda wa kufundisha.

Ndani ya mvutano huu kuna watu wa kweli, na Kiswahili kimewapa jina ambalo siachi kulipenda: watarajali. Daktari tarajali ni yule aliyemaliza masomo na yuko hospitalini kwa mazoezi kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Neno linatoka kwenye kutarajia. Anatarajia kuwa daktari, na sisi tunatarajia hivyohivyo. Ukimweka kando ya mwanafunzi wa mwaka wa nne, mwalimu wake na muuguzi wa zamu, utaona kitanda kimoja kimezungukwa na mabaraza. Chuo kinaangaliwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Daktari anawajibika kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Muuguzi yuko chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Hospitali ina bodi yake. Fedha zinakaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Wote hawa wana macho. Mgonjwa aliye katikati hamjui hata mmoja, na kama anawajua, hajui jicho lipi ni lake.

Atafanya nini? Atauliza mkuu ni nani. Hapo istilahi zinamtega.

Kwenye chuo cha ualimu, mkuu wa chuo ndiye mwenye funguo: anafika asubuhi, anasaini ruhusa, anafokea wanaochelewa. Kwenye chuo kikuu, Mkuu wa Chuo ni cheo cha heshima; kule UDSM ni Rais mstaafu Jakaya Kikwete, na kazi inayomleta mbele ya watu ni mahafali. Mtendaji wa kila siku ni Makamu Mkuu wa Chuo. Makamu kwa asili ni mahali pa kusimama, na makamu wa mtu ni anayesimama mahali pake. Chini yake kuna Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, na naibu naye ni anayekaimu. Kwa hiyo mwananchi anayepeleka barua kwa naibu makamu anaandikia mtu anayesimama badala ya mtu anayesimama badala ya mtu. Hakuna uovu hapo, ni urithi wa vyuo vya Uingereza uliofasiriwa kwa uaminifu mno. Ila barua ya mlalamikaji kutoka Momba haina nauli ya kuzunguka kote huko.

Basi ataambiwa, “nenda utawala.” Katika hospitali zetu utawala si wazo, ni jengo. Lina rangi tofauti, feni inayofanya kazi na benchi refu mlangoni. “Utawala wamefunga,” “utawala wako kwenye kikao.” Tulipoanza kuhubiriwa utawala bora, wengi tuliona lile jengo likipakwa rangi upya. Na pembeni ya mlango wake lipo sanduku la maoni. Katika hospitali moja, ambayo sitaitaja, nilikaa chini ya sanduku hilo saa tatu nzima nikisubiri majibu ya vipimo. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, na juu yake buibui alikuwa ameshajenga. Nikamuuliza mlinzi ufunguo anakaa nao nani. Akataja cheo cha mtu yuleyule ambaye maoni mengi, nadhani, yangemhusu. Nilikuwa bado sijamsikia baba mkubwa, lakini ndilo alilokuja kulisema: anayesikiliza asiwe yuleyule aliyekunyima.

Ukutani, juu ya sanduku, palibandikwa mkataba wa huduma kwa mteja. Watu hulalamikia neno mteja hospitalini. Wanasema limeingizwa na biashara, kwamba mgonjwa si mnunuzi. Nawaelewa, lakini mteja ni mzee kuliko duka. Kamusi za kale zinampa maana ya mtu aliye mikononi mwa mganga, aliyejiweka chini ya uangalizi wake. Si mwenye pesa, ni mwenye kuamini. Ukilisoma tangazo lile kwa maana hiyo ya kale, ni ahadi nzito kuliko waliolibandika walivyokusudia.

Zilizobaki ni istilahi mbili za juu kabisa. Ya kwanza ni bodi ya wadhamini, chombo kinachoisimamia hospitali kama Muhimbili. Mdhamini tumemtoa mahakamani pia, na huko anafanya jambo la hatari: anaweka mali yake au jina lake kwa ajili ya mtu mwingine. Mshitakiwa akitoroka, mdhamini ndiye anayeulizwa. Je, anayekaa kwenye bodi ya wadhamini wa hospitali ya umma anajua kwamba kwa Kiswahili amemwekea dhamana kila anayelala humo? Katika maneno yote ya daftari langu hili ndilo lenye meno makali, na ndilo linalotamkwa kwa ulaini zaidi.

Ya pili ni usimamizi. Hapa lugha yetu inatuchanganya kweli. Kusimamia ni kusimama kwa ajili ya jambo. Tuna msimamizi wa mirathi, wa mtihani, wa uchaguzi, hata wa bwana harusi. Mkurugenzi anaisimamia hospitali, kwa maana ya kuiendesha. Bodi nayo inaisimamia hospitali, kwa maana ya kumwangalia mkurugenzi. Baraza la Chuo linamsimamia makamu, makamu anasimamia chuo, mwalimu anamsimamia mwanafunzi anayemshona mgonjwa. Kitenzi kimoja kwa anayelima na kwa anayelinda. Siku mambo yakiharibika, kila mmoja anasema kwa ukweli kabisa kwamba alikuwa anasimamia.

Asubuhi ya pili nilikwenda na baba mkubwa majarubani, kwenye kipande kilichochelewa kukomaa. Katikati ya mpunga lilisimama dungu, jukwaa la miti lenye ngazi ya vijiti vinne, na juu yake mjukuu wa miaka kumi na mbili hivi, kombeo shingoni. Kweleakwelea walikuwa wanazunguka kama moshi. Kijana alipiga mluzi, akatikisa kamba zilizofungwa makopo matupu kuelekea pande zote za shamba, na wingu lile likapinda likaenda kutua kwa mwingine. Kazi hiyo ina jina lake: kuamia. Kuamia ni kulinda mazao yasiliwe na ndege.

Nikalirudia neno hilo njia nzima. Anayeamia halimi. Hapandi, hapalilii, havuni. Hali kile anacholinda. Amekaa juu, lakini juu kwa kiasi cha kuona tu. Akiona, anapiga kelele, na kelele yake inasikika na mwenye shamba, si na ndege peke yao. Akilala, mwenye shamba anamshusha bila kikao. Hiyo ndiyo kazi ambayo bodi, baraza, kamati ya Bunge na mkaguzi wamepewa, na sisi tumeivisha neno lilelile tunalomvika anayelima. Sina madaraka ya kutunga istilahi. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, wapo tangu 1967, na kazi hiyo wanaiweza. Ila ningekuwa na nafasi ya dakika tano kwenye meza yao ningeiacha hapo karatasi yenye neno moja: uamiaji. Usimamizi tungewaachia wanaolima.

Nilipomwambia baba mkubwa wazo langu hakulisifu. Alinionyesha kingo ya tope kati ya majaruba yake na ya jirani, ileile waliyoshitakiana. “Pale,” akasema, “ndege wanakula wakitulia. Mtoto wangu anaona ni kwa jirani, mtoto wa jirani anaona ni kwangu.”

Alikuwa ameniambia habari za Mbeya na Muhimbili na Mloganzila kwa pamoja. Chuo kina dungu lake, hospitali ina dungu lake, wizara mbili kila moja ina lake. Profesa anayemfundisha mwanafunzi kando ya kitanda ni wa chuo. Kitanda ni cha hospitali. Kosa likitokea kati ya mkono wa mwanafunzi na jicho la mwalimu, limetokea juu ya kingo. Tuna istilahi za kila upande wa mpaka. Za mpaka wenyewe hatuna, isipokuwa lile neno shirikishi, ambalo tumelifunga kwenye jina la chuo badala ya kulituma kazini.

Jioni mama mkubwa alijiandaa kwa gari la alfajiri kuelekea Tunduma. Baba mkubwa akaomba aione ile karatasi. Akaigeuza, akaifuata kwa kidole kutoka juu hadi chini, akasimama katikati, mahali ambapo mstari unaigawa. Sehemu ya juu ilikuwa imejazwa na mganga wa hapa. Ya chini ilikuwa tupu, na juu ya utupu huo pameandikwa kwamba ijazwe na hospitali itakayompokea mgonjwa, kisha irudishwe kwa aliyemtuma: nini kimeonekana, nini kimefanyika, nini kifuate.

“Hii inarudi hapa?” akaniuliza.

Nikamwambia ndivyo ilivyoandikwa.

“Basi rufaa ni hii ya chini,” akasema. “Kule wilayani walinipa nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri, kila neno lililosemwa. Bila karatasi huna kesi.” Akamgeukia mkewe. “Usitoke kule kabla hawajaandika hapa. Waambie kuna mtu Msangano anaisubiri.”

Mama mkubwa aliipokea, akaikunja upya mara nne. Safari hii sehemu tupu aliiacha nje, kisha akaifunga kwenye pindo la khanga.